Binti Yangu Ameirudisha Sabuni Niliyomnunulia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, na nakuandikia kuhusu kipande cha sabuni. Najua wapo wanaokuletea mazito kuliko hili, lakini nyumbani kwangu kipande hicho kimeleta kimya ambacho sijakizoea.

Binti yangu mkubwa ana miaka 19. Mwaka jana aliacha nyama, kisha akaacha kutumia chochote kinachotoka kwa mnyama, hata viatu vya ngozi. Nilimheshimu kwa hilo. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika nikamnunulia sabuni ya uso, ile ile ninayoitumia tangu ujana wangu, na mama yangu kabla yangu. Ni nyeupe, ngumu, haiyeyuki ovyo, na povu lake ni laini kama krimu. Pakiti imeandikwa "asilia". Akaifungua kwa furaha, akaigeuza, akasoma mgongoni: Sodium Tallowate, Sodium Cocoate, Aqua, Glycerin, Sodium Chloride, Parfum. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, hili la kwanza ni shahamu ya ng'ombe." Akairudisha kwenye karatasi yake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akaenda kunawa mikono.

Shangazi, kule kunawa mikono ndiko kulikoniuma.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia hakuna ng'ombe ndani ya sabuni, kwamba vitu hivyo vimeshapikwa na dawa vikawa kitu kingine kabisa. Nikamwambia ng'ombe hachinjwi kwa ajili ya sabuni. Nikamwambia bibi yake aliitumia maisha yake yote. Hakunijibu neno. Kesho yake nikamkuta bafuni anasoma chupa moja baada ya nyingine. Losheni yangu ina Stearic Acid na Glyceryl Stearate, naye anasema hizo pia huenda ni shahamu. Anataka vyote vitoke.

Wifi yangu, ambaye tunaishi naye, alisikia mabishano akauliza kama sabuni hiyo ni ya nguruwe, maana imani yake haimruhusu. Nikashindwa kumjibu. Mume wangu naye akakumbuka habari za zamani za kichaa cha ng'ombe, akauliza kama miaka yote hii tumekuwa tukijipaka ugonjwa usoni.

Na mimi nina langu. Kwa miezi kadhaa sasa nikishanawa uso unakakamaa, mashavu yanavuta, pembeni mwa pua panapauka. Je, ni hiyo shahamu? Nikichukua sabuni ya mimea nitapona? Na binti yangu nimwambie nini?

Mama aliyeishiwa maneno

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale pale uliposimama wewe, kwenye kunawa mikono. Nitafika hapo. Lakini kwanza naomba tufungue fundo lenyewe, kwa sababu watu wanne wa nyumba moja mmeuliza maswali manne tofauti, na ninyi mnadhani ni swali moja.

Binti yako amesoma sawasawa. Hiyo Sodium Tallowate, nitakayoiita taloweti, ni sabuni iliyotokana na shahamu, yale mafuta magumu ya ng'ombe au kondoo, ambayo huyeyushwa kwa moto na kuchujwa. Mafuta hayo yakichanganywa na haidroksidi ya sodiamu, ambayo watengeneza sabuni wanaiita kostiki soda, humeguka. Upande mmoja inatoka sabuni, upande wa pili inatoka gliserini. Gramu 100 za shahamu hula takriban gramu 14 za kostiki, na kipimo kikiwa sahihi kostiki yote huisha kazi hapo, haibaki ya kukuunguza. Sasa rudi kwenye lebo yako. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa hiyo taloweti kukaa wa kwanza maana yake sehemu kubwa ya kile kipande ni yenyewe. Ya pili, Sodium Cocoate, ni sabuni ya mafuta ya nazi. Ndoa hiyo ni ya zamani sana katika viwanda, mara nyingi sehemu nne za shahamu kwa moja ya nazi. Shahamu ndiyo inayokipa kipande ule ugumu unaousifu na lile povu la krimu. Nazi inaleta mapovu makubwa na ya haraka.

Ukitaka kuiona kazi yake kwa macho, chukua chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko. Tia maji hadi nusu, ongeza kijiko cha mafuta yoyote, funga, tikisa kwa nguvu. Utaona matone yanahangaika, kisha baada ya dakika moja au mbili mafuta yamerudi juu yamelala peke yake. Sasa kwangua sabuni yako kidogo, iyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, mimina humo, tikisa tena. Maji yanageuka meupe kama maziwa, na mafuta hayarudi juu upesi. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia inajichomeka ndani ya tone la mafuta, vichwa vinabaki nje kwenye maji, na tone linaelea likiwa limezungukwa pande zote. Ndivyo uchafu wenye mafuta unavyotoka usoni na kwenda na maji. Kwa hiyo kitu hicho kimoja kinasafisha, na hicho hicho kinashikanisha mafuta na maji yasiachane. Mfanyie binti yako jaribio hilo, mwanangu. Mtu aliyesoma lebo kwa makini kiasi hicho atapenda kuona.

Sasa niseme jambo ambalo pengine hutalifurahia. Ulipomwambia hakuna ng'ombe humo, ulikosea zaidi ya ulivyodhani. Ni kweli mafuta yamemeguka na hayapo tena kama yalivyokuwa. Lakini ile mikia niliyokueleza, minyororo ya atomi 16 na 18 za kaboni, imetoka mzima mzima katika mwili wa mnyama. Kostiki haikuitengeneza upya, imeikata tu pale iliposhikana na gliserini. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyelifafanua jambo hili katika kitabu chake cha 1823 kuhusu mafuta ya wanyama, na jina la asidi steariki, lile unalolisoma kwenye losheni, linatokana na neno la Kigiriki la shahamu. Kwa anayeamua kutotumia chochote cha mnyama, taloweti ni cha mnyama. Hapo hana makosa hata chembe.

Uso wako sasa, maana hilo ni lako peke yako.

Haukakamai kwa sababu ya ng'ombe. Unakakamaa kwa sababu ni sabuni. Sabuni yoyote ya kweli, iwe ya shahamu, ya nazi, ya mawese au ya zeituni, ina ualikali, yaani kinyume cha uchachu. Ukiipima pH, kile kipimo cha uchachu na ualikali, utakuta 9 hadi 10. Ngozi yenye afya ina uchachu mwepesi, karibu na 5. Kila unaponawa unaivuta ngozi kwenda upande usio wake, unaondoa pamoja na uchafu yale mafuta yake yenyewe yanayoilinda, na ngozi inahitaji muda kujirudisha. Ujanani ilijirudisha bila wewe kujua. Umri ukisogea mafuta ya ngozi hupungua, na kile kilichokuwa kinavumilika kinaanza kuvuta mashavu. Maji nayo yana mchango: yakiwa magumu, yenye kalsiamu na magnesi nyingi, yanashikana na sabuni na kuacha utando. Ule mstari wa kijivu kwenye beseni ndio huo, na sehemu yake hubaki usoni usiposuuza vya kutosha.

Kwa hiyo nakuomba usinunue sabuni ya mimea ukitegemea nafuu ya ngozi. Utasoma Sodium Palmate mahali palipokuwa na Sodium Tallowate, utadhani umehama, kumbe umebadilisha mlango na nyumba ni ile ile. Mafuta ya mawese yana minyororo inayofanana sana na ya shahamu, ndiyo maana viwanda viliweza kuyaweka mahali pake bila mteja kuhisi tofauti mkononi. Ualikali ni ule ule. (Na mawese yana kesi yake: sehemu kubwa ya yanayouzwa duniani hutoka Indonesia na Malaysia, na misitu imekatwa kwa ajili yake. Simwambii binti yako arudi kwenye shahamu kwa hoja hiyo. Namwambia tu ajue anachokichagua.)

Kinachoweza kukusaidia ni kisafishaji cha uso ambacho si sabuni kabisa. Vipo vya kipande na vya maji. Kwenye lebo ya vile vya kipande tafuta Sodium Cocoyl Isethionate mwanzoni mwa orodha. Pakiti nyingi pia husema wazi kuwa pH yake inakaribia ya ngozi. Nawa mara moja jioni, asubuhi maji matupu yanatosha, yawe ya uvuguvugu na si ya moto, na upake losheni uso ukiwa bado na unyevu. Jipe wiki nne. Kule kupauka pembeni mwa pua kusipopungua, au kukianza kuwa na wekundu na magamba, nenda kwa daktari wa ngozi, kwa sababu pale pembeni mwa pua kuna maradhi ya ngozi yanayopenda kukaa, na hayo hayaponi kwa kubadilisha sabuni.

Mwambie mume wako atulie, ingawa swali lake lilikuwa la haki. Kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa Uingereza mwaka 1986, na kinatokana na protini iliyoharibika ambayo hukaa hasa kwenye ubongo na uti wa mgongo. Shahamu ni mafuta, si ubongo. Hata hivyo wenye dhamana hawakuishia kwenye kusema hivyo. Umoja wa Ulaya unaruhusu sabuni ya shahamu katika vipodozi kwa sharti la namna ya kuipika: kostiki kali, nyuzi 95 kwa saa tatu, au nyuzi 140 chini ya mgandamizo kwa dakika nane. Marekani nayo imeweka kwamba shahamu ya vipodozi isiwe na uchafu usioyeyuka unaozidi asilimia 0.15, kwa kuwa ni ndani ya uchafu huo ambamo protini ingeweza kujificha. Sabuni iliyotengenezwa kwa kanuni hizo na kusuuzwa na maji sioni sababu ya kuiogopa, na ningeitumia bila wasiwasi.

Kwa wifi yako jibu langu ni fupi lakini si rahisi. Sabuni ya mafuta ya nguruwe ina jina lake, Sodium Lardate, na mafuta yenyewe yakiwekwa bila kupikwa sabuni unaweza kuyakuta yameandikwa Adeps Suillus. Kwenye lebo yako hayapo. Ila katika biashara ya shahamu kuna wanaoipima kwa joto inapogandia na si kwa mnyama iliyotoka kwake, kwa hiyo jina la taloweti peke yake halimtoshi mtu anayetaka uhakika. Aulize mtengenezaji kwa maandishi shahamu ni ya mnyama gani, au achukue sabuni yenye ithibati ya halali. Wanazuoni wamejadili kwa kina kama kitu kikishageuka sabuni kinabaki na hukumu yake ya mwanzo, na hawakuafikiana wote. Hilo ampelekee anayemwamini katika elimu hiyo. Mimi si mahali pangu.

Na ile losheni? Hapa ndipo lebo inaponyamaza. Taloweti imejitaja yenyewe, lakini Stearic Acid, Glyceryl Stearate na Glycerin zinaweza kutoka kwa mnyama au kwa mmea, na jina halibadiliki hata herufi moja. Katika losheni yako Glyceryl Stearate inafanya kazi ile ile uliyoiona ndani ya chupa, inazuia mafuta na maji yasiachane, ndiyo maana ukifungua kopo hukuti mafuta yamejikusanya juu. Pengine ni ya mawese, pengine ni ya ng'ombe. Hata kile kisafishaji nilichokushauri hapo juu mara nyingi hushikanishwa na asidi steariki, kwa hiyo binti yako akikitaka naye lazima aulize. Na neno "asilia" lililokuponza halisemi mimea; ng'ombe naye ni asilia. Alama ya sungura nayo, ambayo wengi wanaitegemea, inazungumzia kutofanyia majaribio wanyama. Kipande chenye sungura kwenye pakiti kinaweza kuwa kimejaa shahamu bila kudanganya mtu.

Ndiyo maana sikubaliani na mpango wa kutoa kila kitu leo. Atatupa vya mimea pamoja na vya wanyama bila kujua kipi ni kipi. Kaeni wawili, chupa zote juu ya meza, mgawane: zile zilizojitaja, kama Tallowate, Lanolin ambayo ni mafuta ya sufu ya kondoo, na Cera Alba ambayo ni nta ya nyuki, ziende upande mmoja. Zile za kimya ziende upande mwingine, na kwa kila moja mwandike ujumbe mfupi kwa mtengenezaji: "Naomba kujua kama asidi steariki, Glyceryl Stearate na gliserini katika bidhaa hii zinatokana na mnyama au mmea, na kama ni mnyama, ni yupi." Muulizeni hivyo hivyo, kiambato kwa kiambato. Ukiuliza "je, ni salama?" utajibiwa kwamba ni salama, na swali lako litabaki palepale.

Nimefika kwenye kunawa mikono.

Mwanangu, wewe hukukasirishwa na lebo. Ulimpa mtoto kitu cha mama yako, kitu kilichokaa bafuni kwenu tangu wewe ni mdogo, naye akanawa mikono. Ulisikia kama ananawa ninyi. Sidhani ndicho alichofanya. Tazama tena ulivyoniandikia: aliirudisha kwenye karatasi yake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Mtu anayedharau zawadi haikunji. Huyo alikuwa anatafuta namna ya kukataa kitu bila kukukataa wewe, na ana miaka 19, hakupata maneno.

Hoja zako zilikuwa za kweli nusu, na zote zilijibu swali ambalo hakuuliza. Ni kweli ng'ombe huchinjwa kwa nyama, na shahamu isipotumika hutupwa. Kwangu mimi hiyo ni hoja nzito, na ndiyo inayonifanya nisione vibaya kuitumia. Lakini yeye hakusema sabuni ni hatari, wala hakusema bibi yake alikosea. Alisema hataki mwili wa mnyama juu ya mwili wake. Jambo hilo halina kipimo cha maabara, halibishaniwi kwa umri wa bibi wala kwa kemia. Ni lake kuamua kama vile lilivyo lako kuendelea na sabuni yako.

Nenda kamwambie hivi, kwa maneno yako: "Ulisoma vizuri. Nilisema hakuna ng'ombe humo, na nilikosea. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa sabuni ya bibi." Kisha umsimulie habari za bibi na hiyo sabuni, kama hajawahi kuzisikia. Usiongeze "lakini". Najua itakuwasha ulimi.

Ukimnunulia nyingine, mwache aichague yeye, wewe ulipe. Kile kipande cheupe kitumie wewe, kwa mikono na miguu, kule ambako ngozi ni ngumu na haitalalamika. Na kama mnatumia kisahani kimoja cha sabuni, mtafutie chake, au kioshe vizuri kabla hajaweka ya kwake.

Shangazi